Mizani ya Nta

Mkesha wa Mtakatifu Averano
hakuna anayelala Castelvano isipokuwa yeye mwenyewe,
ndani ya sanduku la fedha, miguu ikielekea mashariki.
Sisi tunafagia. Tunatundika mazulia madirishani,
tunasugua mawe ya uwanja mpaka yang'are,
na mimi, Drusiana, mjane wa Tebaldo mpika nta,
naketi mlangoni pa kanisa kuu na mizani ya mji.

Si mzaliwa wa hapa, Averano. Hilo hatufichi.
Alikuja na homa na punda kilema,
akaomba maji katika milango tisa, akafukuzwa,
mlango wa kumi ukafunguka.
Leo hakuna asiyetoka katika nyumba ya kumi.
Uliza mtaa wowote: bibi yao ndiye aliyeleta kikombe,
na zile nyumba tisa, ajabu,
hazikuacha hata mjukuu mmoja.

Tumempiga chapa kwenye sarafu; pua yake imesagika
kwa vidole vya wauza ngozi.
Yumo kwenye muhuri: mkataba usio na kichwa chake
ni karatasi ya kufungia jibini.
Kengele yake ikilia jioni malango hufungwa,
na aliyebaki nje ni mgeni,
hata kama mama yake yuko ndani anamkorogea uji.
Tebaldo wangu alinisimulia vita vya usiku:
gizani hawakuulizana, "Nani wewe?"
Waliulizana jina la mtakatifu.
Aliyechelewa kujibu alichomwa mkuki.
Mmoja alikuwa na kigugumizi.
Alikuwa wa mtaa wetu.

Sasa vinakuja vijiji vilivyo chini yetu,
kila kimoja na mshumaa wake, kwa uzito kilioandikiwa.
Ser Maffeo anasoma daftari, mimi napima.
Valdorsa, ratili hamsini. Zimetimia.
Montegrano, thelathini. Zimetimia, na masizi juu.
Roccamera, arobaini.

Roccamera tuliishinda mwaka juzi.
Tuliteremsha kengele yao, tukaikokota kwa ng'ombe wanane,
na mtakatifu wao naye tukamchukua, Fiordelia,
msichana wa mbao mwenye kikapu cha maharage.
Hatukumvunja. Sisi si washenzi.
Tulimweka chini ya ngazi za mnara,
kati ya ndoo na mafagio, uso ukutani.

Kijana anautua mshumaa kwenye sahani.
Ulimi wa mizani unatikisika, unafikiri,
unasimama penye thelathini na nane.
Ndani ya nta nyuki amenasa, bawa moja limekunjuka
kana kwamba bado ana safari.
"Mizinga ilikufa na baridi," asema kijana. Hanisihi.
Macho yake yamekwenda kwenye ngazi.
"Bado yuko?"
"Yuko."
"Anatazama wapi?"

Sikumjibu.
Faini ya upungufu ni ng'ombe mmoja kwa kila ratili,
na Ser Maffeo ameshachovya kalamu.
Nyuma yangu kuna mtu aliyewahi kuomba maji,
amevikwa fedha, hasemi neno.
Kidole changu gumba kimefanya kazi ya nta miaka thelathini;
kinajua kutua kwenye sahani kama nzi.
"Arobaini," nikasema.
"Arobaini," Ser Maffeo akaandika.

Kesho yake tulimbeba Averano mji mzima,
tukapaza jina lake mpaka njiwa wakahama paa,
na kijana wa Roccamera alipaza pamoja nasi,
kwani walinzi walikuwa wanatazama midomo.
Nami nilipaza. Nalipenda jina hilo;
ndilo nililolilia siku ya kujifungua.

Usiku nilikwenda chini ya ngazi kuchukua ufagio.
Nta ilikuwa imemwagika uwanja mzima.
Fiordelia alikuwa na utando wa buibui kwenye kikapu.
Nilimgeuza kidogo tu,
kiasi cha mtu aliyesikia akiitwa.
Ufagio niliurudisha mahali pake.